Bwana Bati Alivyonyamazishwa

Sikio, binti wa Mpiga Kengele, mjukuu wa Mkunga wa Pembe. Hilo ndilo jina lake kamili kwa sisi tunaomjua, na kila kipande cha jina hilo kimetolewa jasho. Bibi yetu aliweka pembe juu ya tumbo la mjamzito, akaegesha sikio, akasema mtoto amelala vipi na atatoka vipi, na sijakutana na mtu wa kuniambia kwamba alikosea. Baba yetu alipiga kengele ya stesheni mpaka alipostaafu. Aliisikia treni kwenye reli kabla moshi haujaonekana, kichwa amekiinamisha kama mtu anayenong'onezwa jambo. Na huyu Sikio, mdogo wangu anayenifuata ziwa, surua ilimchukua macho kabla hajang'oa jino la kwanza. Macho yakaenda, urithi wa ukoo mzima ukabaki masikioni.

Naandika mimi dada yake, niliyemaliza darasa la saba wakati kumaliza darasa la saba kulikuwa kumaliza kweli. Wengi husubiri mtu afe ndipo wamwandike. Mimi namwandika wa kwangu akiwa hai, tena yuko chumba cha pili, na nikitia chumvi atanisikia.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa opereta wa simu. Zamani hizo simu yako ilipita mikononi mwa mtu, na mtu huyo alikuwa Sikio. Alimjua mpigaji kwa pumzi. Hujasema halo, yeye ameshakwambia, "Shikamoo mzee, leo umepanda ngazi mbio." Kulikuwa na bwana mkubwa mmoja aliyebana pua asijulikane anapompigia kimada wake. Sikio akamuunganisha bila neno, na alipomaliza akamwambia, "Mafua yakipona, mzee, nisalimie nyumbani." Yule bwana hakupiga tena simu kupitia zamu yake.

Mitambo ilipobadilishwa na maopereta wakaambiwa kwaherini, akaenda Chama cha Madereva wa Malori. Huko kila mkutano ulirekodiwa, na yeye akausikiliza na kuuchapa. Kwanza kwa kanda na taipureta, kisha kwa kompyuta. Sheria yake ilikuwa moja: neno kwa neno, hata kikohozi. Mtu akikohoa, aliandika kwenye mabano kwamba amekohoa. Dereva mmoja aliwahi kuja juu, mishipa imemtoka shingoni, anataka kujua kwa nini neno "mbwa" limo kwenye kumbukumbu za mkutano.

"Sikulileta mimi," Sikio akamwambia. "Lilikuja na wewe."

Wanachama walimpenda kwa hilo. Madereva ni watu wa kugombana, na chama kisichoaminiana huvunjika. Waliogombana leo, kesho waliletewa karatasi za Sikio, wakasoma, wakanyamaza. Hakuwa mtu wa huyu wala wa yule.

Sasa nimlete mtu mwingine, maana bila yeye habari hii haipo. Mdogo wetu wa mwisho alifariki akaacha mtoto wa kiume anayejifunza kutembea. Mimi wakati huo nilikuwa na wangu nyumba nzima. Sikio hakuwa na mume wala mtoto, akasema, "Nileteeni." Watu wakauliza, asiyeona atamleaje anayetambaa? Alimfunga njuga mguuni, basi. Njuga zikinyamaza, alijua kuna kitu kinavunjwa.

Alipokua, huyo mtoto ndiye aliyemshika mkono Sikio, mama yake sasa, kumpeleka kazini na kumrudisha. Mtaa ukampa jina la Mkongojo. Mtoto alilipenda. Akiulizwa shuleni wewe nani, alijibu, "Mimi Mkongojo wa Mama." Sisi tukicheka, Sikio alitabasamu tu, shingo ndefu kama twiga.

Na alimlea kwa sheria ya nyumba yake: kila kitu mahali pake. Katika nyumba ya asiyeona, kitu kilichohamishwa ni kitu kilichoibwa. Kikombe, mpini uelekee dirishani. Kiti, mgongo uguse ukuta. Hedifoni za kazi, waya uzungushwe kwenye vidole vinne, mkia wake upitishwe katikati ya kitanzi, zitundikwe kwenye msumari wa kushoto wa meza. Mkongojo alipigwa vidole mpaka mikono yake ikajifunza yenyewe. Alipokuwa kijana nilimwona akisimulia mpira, macho yapo kwangu, huku mikono nyuma yake inazungusha waya na kuutundika bila yeye kujua.

Akasoma mambo ya kompyuta. Siku moja akaingia na kompyuta ya mezani iliyokuwa ya ofisi fulani iliyofungwa, ameibeba begani kama mfuko wa saruji. Akautoa mfumo wake wa zamani, akaweka ule unaoitwa Linux.

"Huu ni wa bure, Mama," akasema. "Na ndani yake kuna mtu anayesoma kila kilichoandikwa."

"Mtu gani?"

Akabonyeza. Ikatoka sauti kama ya mwanamume aliyemeza bati, inasoma Kiswahili kana kwamba kila neno ni ngazi na anaogopa kuanguka. Sikio alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mkaribishe Bwana Bati," akaniambia. "Hana adabu, hasalimii, lakini kusoma anajua."

Tangu siku hiyo Bwana Bati akawa macho yake. Alipochapa herufi, Bati aliitaja. Alipokosea, Bati alikosea naye, naye akarekebisha. Mkanda wa mkutano ulikuja kwenye flashi. Alikanyaga pedali kuusimamisha, akachapa, akamsikiliza Bati, akaendelea. Ilipofika mahali pa kuweka neno la siri la kufungulia mashine, alichapa mwenyewe: mkongojo. Tukawa watatu tunaolijua, yeye, mimi, na mwenye jina.

Mkongojo akaoa, akahamia mtaa wa pili, lakini ufunguo wa nyumba alibaki nao. Nani anamnyang'anya mtoto ufunguo?

Sasa siku yenyewe. Goti langu lilikuwa limenikasirikia, na Sikio akasema atanisindikiza hospitali. Alikuwa katikati ya kazi, mimi nikamharakisha, akavua hedifoni akaziacha juu ya kibodi. Mimi nilitoka wa mwisho, nikafunga mlango. Tuliporudi mchana tulimkuta Katibu wa chama kizingitini, yule mwembamba anayesema "mimi nabeba tu" hata usipomuuliza. Alikuwa ameleta flashi ya mkutano wa kamati uliofanyika siku iliyotangulia.

"Mwenyekiti anasalimu," akasema. "Mkutano mkuu ni Jumamosi, wanachama watataka wasomewe. Nitapita Ijumaa asubuhi kuchukua."

"Lini umepita ukatoka mikono mitupu?"

"Haijatokea, mama. Mimi nabeba tu."

Sikio akakaa, akazitoa hedifoni msumarini, akawasha mashine. Nikasikia feni inavuma. Akachapa neno la siri. Akangoja.

"Dada," akaniita. "Kioo kinaonyesha nini?"

"Kinaonyesha vizuri tu. Picha ya maua, na vile vijumba vyako."

"Basi Bati yuko wapi?"

Akavaa hedifoni vizuri, akazivua, akachomeka spika. Kimya. Akazima, akawasha. Kimya. Akachomoa spika akaziunganisha na redio yangu ndogo, nazo zikaimba hadi jirani akagonga ukuta. Kumbe spika nzima. Akazirudisha kwenye kompyuta, kimya kile kile.

Mkongojo alifika jioni ile ile, hata kabla chai haijapoa tangu tumpigie simu. Akaketi, akabonyeza-bonyeza, akaguna kama daktari.

"Mama, kadi ya sauti imekufa."

"Itolewe, iwekwe nyingine."

"Hii imo kwenye ubao wenyewe wa ndani. Haitoki. Mashine imezeeka, Mama." Akamshika bega. "Na wewe umefanya kazi sana. Mpigie tu Mwenyekiti umwambie umeshindwa. Ataelewa."

"Mashine imeshindwa. Mimi sijashindwa. Hayo ni mambo mawili."

"Haya, basi nipe flashi nimrudishie Katibu, ni njiani kwangu."

"Kazi iliyoingia kwa mkono wangu itatoka kwa mkono wangu," Sikio akasema, akaitia flashi kwenye fundo la kanga.

Niliona uso wa kijana umebadilika kidogo, nikadhani ni huruma. Mwenye macho ni mimi, na hicho ndicho nilichokiona.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso. Sikio alikaa mbele ya mashine bubu, mikono juu ya kibodi, kama mtu anayesubiri mgeni aliyesema atakuja. Tukajaribu mimi niwe Bwana Bati. Yeye achape mambo yake, mimi nisome.

"Soma."

"Nasoma. 'Nd... ndugu wa-ju-mbe...'"

"Dada, Bati alikuwa na mwendo kuliko wewe."

"Bati hakuvaa miwani yenye mkono mmoja! Tena mimi nimeshachoka, herufi zenyewe kama sisimizi."

Tulicheka, lakini haikusaidia, maana kusoma kioo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuusikia mkutano, na mkutano ulikuwa ndani ya flashi, na flashi ilikuwa inaingia kwenye mashine isiyotoa hata mlio wa mbu. Ijumaa ilikuwa inakuja. Sikio hakula vizuri. Nilimsikia akinyanyua simu, akiiweka. Mara moja aliniuliza, "Hivi mtu anasemaje kwamba ameshindwa? Unaanza na salamu, au unaanza na lenyewe?"

Hapo nikasema liwalo na liwe. Nikajikongoja na goti langu mpaka nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye kibanda cha Mama Waya. Huyu ni fundi wa redio na kompyuta, mwanamke wa umri wa kati, bisibisi ameichomeka kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kitana. Anaongea bila kituo. Watu humpelekea redio, hurudi na redio na habari za mtaa mzima.

"Kadi imekufa, nani kasema?" akauliza njiani.

"Mwanetu. Kasomea."

"Aliyesomea naye hukosea, hata mimi juzi nimemuunganishia mtu pasi ikamrusha. Twende tukaone maiti kabla hatujazika."

Akaingia, akamwamkia Sikio, akaniambia nikae pembeni nisimzibie mwanga. Akasema ataanza nje kuingia ndani. Spika kwenye redio: nzima. Waya: haujakatika. Tundu la kijani nyuma ya mashine: waya umekaa. Ndipo akazima kabisa, akawasha upya, na ilipofika pale mashine inapouliza neno la siri, akamzuia Sikio mkono.

"Usiingie bado, mama. Hapa tuko kizingitini. Hapa pana vitufe vya kumwamsha msomaji wako hata kabla mlango haujafunguliwa." Akabonyeza vitufe vitatu pamoja.

"Skrini. Ya. Kuingia," akasema Bwana Bati.

Sikio aliruka kitini. Akashika spika kwa mikono miwili kama anashika mashavu ya mtoto. "Ndiye! Dada, ndiye huyo huyo!"

"Ngoja," Mama Waya akasema. "Sasa ingia."

Akachapa neno la siri. Maua yakatokea kiooni. Kimya.

Mama Waya akachomoa bisibisi nyweleni, akajikuna nayo. "Sikilizeni, mama zangu. Kadi iliyokufa haiwi hai kizingitini ikafa sebuleni. Kadi ni nzima kama ng'ombe. Humu ndani kwako, mama, ndimo mlimo na jambo."

Akaingia kwenye mipangilio ya sauti, na mimi nikaitwa nishuhudie. Akanionyesha: sauti ilikuwa imeelekezwa itokee kwenye kioo, na kioo chetu hakina spika hata moja. Ni kama kummiminia maji mtu asiye na ndoo. Na juu ya hilo, alama ya spika ilikuwa imepigwa mstari, imezibwa. Akairudisha kwenye tundu la kijani, akaizibua.

"Mi-pa-ngi-li-o. Ya sauti," akasema Bati, kama hakuondoka.

Mdogo wangu alitoa machozi, akayafuta kwa ukali. Mimi nikaanza kumtafutia fundi chai. Lakini Mama Waya alikuwa amekunja uso. "Nataka nione akilala na kuamka," akasema. Akazima, akawasha. Kizingitini Bati akaongea. Sikio akachapa neno lake. Maua yakaja, na Bati akaanza, "Kari...", halafu akakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

"Hii si ajali," Mama Waya akasema, na sauti yake ilikuwa imepoteza utani. "Kuna kitu kinamziba kila akiingia."

Alitafuta kidogo tu. Kila mashine, akatueleza, ina mambo inayoambiwa ifanye mara mwenyewe anapoingia: fungua hiki, washa kile. Miongoni mwa hayo ulikuwepo mstari mmoja mfupi ambao haukuwa na sababu ya kuwepo. Ulisema: kila mara mama huyu akiingia, peleka sauti kwenye kioo, kisha izibe.

"Mashine yenyewe inaweza kujiandikia hivyo?" Sikio akauliza.

"Hapana, mama. Huu umeandikwa kwa vidole." Akaufuta, akazima, akawasha, na Bati akakaribisha watu hadi mwisho wa sentensi. Kisha akakusanya vitu vyake. Mlangoni akasema polepole, "Badilisheni neno la siri," akaondoka bila kunywa chai. Mtu anayeongea bila kituo, siku hiyo alijua pa kuweka kituo.

Tulibaki wawili. Sikio alikuwa anavuta waya wa hedifoni kati ya vidole vyake.

"Dada. Siku ile ya hospitali, nashukuru ulinitundikia hedifoni."

"Mimi? Sikuzigusa."

"Niliziacha kwenye kibodi. Nilirudi nikazikuta msumarini."

"Nilidhani ulizitundika mwenyewe. Mimi nilifunga mlango tu."

Akazungusha waya kwenye vidole vinne. Akapitisha mkia katikati ya kitanzi. Akaunyoosha mkono kuelekea kwangu ili nione. "Zilikuwa zimefungwa hivi," akasema.

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Sijui walisemaje kuhusu uliyemfunga njuga mguuni. Mimi nilianza kutetea, ndiyo, nilitetea: labda alipita kusafisha mashine, labda mkewe, labda. Sikio alivaa hedifoni, akaingiza flashi, akaweka mguu kwenye pedali. Kazi ilikuwa inangoja, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Nimemwona mdogo wangu akichapa maisha yake yote. Vidole vyake havisimami. Pedali ndiyo husimama. Mchana ule alichapa madereva wakigombania zamu za kupakia, akachapa matusi, akachapa mtu akipiga chafya, uso wake umetulia. Halafu vidole vikasimama. Akarudisha nyuma kwa pedali. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Chomoa waya," akaniambia. "Nawe usikie."

Nikachomoa hedifoni, na sauti ikatoka kwenye spika, ikajaa chumba. Kwanza ni kikohozi. Hata mimi nilikijua kikohozi hicho, nimekipaka mafuta kifuani miaka ya utoto wake.

"Waheshimiwa," ilisema sauti ya Mkongojo, "yule ni mama yangu, ndiyo maana nalisema mimi, asije akalisema mtu baki. Masikio yake yamechoka. Kazi zake zina makosa mengi."

"Sisi hatujaona makosa," alisema Mwenyekiti.

"Hamyaoni kwa sababu nayarekebisha mimi kabla hazijawafikia. Nimemfichia aibu muda mrefu. Naomba kazi hii nipewe mimi, nina vifaa."

Palikuwa na minong'ono. Kisha Mwenyekiti tena: "Kijana, mama huyu hajawahi kutuangusha. Sisi hatumfukuzi. Siku akisema kwa kinywa chake kwamba ameshindwa, utapewa wewe."

"Atasema," ilijibu sauti ya Mkongojo. "Nipeni wiki hii tu."

Sikio akakanyaga pedali, sauti ikakatika.

Mimi nilisimama na goti langu bovu nikazunguka chumba. Niliyoyasema sitayaandika, ingawa mwenye nyumba hii angetaka niyaandike neno kwa neno. Kijana hajawahi kumrekebishia hata nukta! Alikuwa anakula jina la mama yake kama mchwa, toka ndani. Na sote tulimpikia chai.

Yeye, mguu bado uko kwenye pedali, akasema, "Kuninyima kazi, ningeelewa. Kijana anatafuta riziki, mkewe mjamzito. Lakini kusema alikuwa ananifichia aibu." Akarudia lile neno, "ananifichia," taratibu, kama Bati.

"Mpigie Mwenyekiti sasa hivi!"

"Sina la kumpigia. Kazi haijaisha."

Akarudisha hedifoni masikioni, akaendelea na mkutano kuanzia pale Mkongojo alipotoka, akachapa hadi mwisho walipofunga. Jua lilikuwa bado halijazama alipomaliza. Ndipo akampigia mwanawe. "Njoo," akasema. "Kuna kazi." Sauti yake haikuwa na mwiba wowote, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Alikuja na mfuko wa machungwa. Akaingia akisema shikamoo Mama, shikamoo Mama Mkubwa, akauegemeza mfuko ukutani, na pale pale Bwana Bati, aliyekuwa ameachwa anasoma, akatamka neno lililokuwa kiooni. Kijana akaganda.

"Imepona?" akauliza.

"Haikuumwa."

"Mama..."

"Uliziacha msumarini," Sikio akasema.

"Nini?"

"Hedifoni. Nilikuwa nimezitupa kwenye kibodi. Mwizi angeziacha zilipo. Adui angezitupa chini. Wewe ulizifunga nilivyokufundisha, ukazitundika mahali pake, ndipo ukaondoka. Sheria yangu uliishika vizuri."

Mkongojo akautazama ule msumari kana kwamba ndio umemsema. Nilitaka akane, ili nipate sababu ya kumrushia machungwa yake. Hakukana. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu.

"Nilitaka upumzike, Mama."

"Ningetaka kupumzika ningekwambia."

"Maisha ni magumu. Mtoto anakuja. Nilijua hutakubali kuniachia."

"Uliniuliza?"

Kijana akauvuta mfuko wa machungwa, akauachia.

"Uliniuliza lini nikakataa? Nilikuwa namwekea nani kazi hii, dada yangu huyu asiyejua kusoma upesi? Ungesema, Mama nipe, ningekushika mkono mimi nikupeleke kwa Mwenyekiti. Safari hii mimi ningekuwa mkongojo. Lakini ulikwenda ukawaambia watu nilioandika maneno yao maisha yangu yote kwamba maneno hayo ni yako."

"Nitakwenda niwaambie nilidanganya. Nitakwenda leo."

"Huna haja ya kwenda. Wao watamtuma Katibu."

Akasimama. Kiti chake, ambacho hata mimi huwa sikikalii, akakivuta kutoka mezani, akakipiga kofi mara moja kwenye kikalio.

"Kaa."

"Mama, nakuomba."

"Kazi uliyoitaka ndiyo hii. Mkutano mzima nimeuchapa, nimeacha nafasi katikati, pale ulipoongea. Katibu anakuja asubuhi. Jumamosi watasomewa wanachama wote, na hakutakuwa na tundu kwenye kazi yangu."

Mkongojo akainuka, akakaa. Sikio akapapasa msumari, akashusha hedifoni, akaufungua ule mkia wa waya uliopita katikati ya kitanzi, akamvalisha kichwani kama alivyokuwa akimvalisha kofia ya shule.

"Siwezi," kijana akasema. "Mama, hili siwezi."

"Unasema kwa kinywa chako kwamba umeshindwa?"

Mguu wa kijana ulitafuta pedali chini ya meza.

"Neno kwa neno," mdogo wangu akamwambia. "Na ulipoanza ulikohoa. Anzia hapo."